Daktari Aliyewekwa Nyuma ya Kamba

Jamhuri ya Rahamia msiitafute kwenye ramani, maana wachora ramani walinyimwa viza. Lakini ipo, na watu wake wana afya kuliko watu wote wa dunia. Hilo halina ubishi. Limetangazwa na serikali yenyewe, tena mara mbili, na mara ya pili ilikuwepo bendi ya polisi.

Ushahidi wa afya hiyo ulikuwa Kadi ya Faraja. Kila mtu alikuwa nayo: kadi ya kijani, ngumu, upande mmoja picha ya mwenye kadi, ndogo kama punje ya kunde, upande wa pili picha ya Mlezi wa Taifa, kubwa, akitabasamu. Chini yake yaliandikwa maneno kwamba mwenye kadi hiyo atatibiwa popote, na yeyote, ugonjwa wowote. Na kila mwaka Waziri wa Afya Njema alisimama bungeni akatangaza kwa fahari kwamba Mfuko wa Faraja haujaguswa, kwa hiyo wananchi hawakuugua. Wabunge wakagonga meza mpaka vikombe vikaruka.

Basi katika nchi hiyo yenye afya alikuwepo mwanamke mmoja aliyekosa adabu, akaugua.

Jina lake Mwasiti Kungulilo, mjane, mama wa mabinti wawili, dereva wa greda katika Idara ya Barabara. Miaka kumi na saba alikuwa amesawazisha barabara za vumbi za nchi nzima, na katika mwaka wa kumi na nane damu yake ya mwezi ilimjia ikakataa kuondoka. Ikapita wiki, zikapita mbili, ukaingia mwezi wa tatu. Alikuwa akikunja khanga kuukuu na kuzitandika kwenye kiti cha greda kabla ya kuwasha. Siku moja kizunguzungu kikamshika akiwa kazini, greda likaingia mtaroni polepole, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Ofisi haikumuuliza anaumwa nini. Ilimpa barua ya kujieleza kwa nini ameingiza mali ya umma mtaroni bila kibali cha mtaro.

Alikwenda zahanati. Tabibu wa pale, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akamminya tumbo, akaminya tena.

"Mama, humu ndani kuna kitu," akasema. "Mimi sina uwezo nacho. Huyu ni mgonjwa wa daktari bingwa wa wanawake. Nakuandikia rufaa. Uende na kadi yako."

"Niende kwa nani?"

Mzee akashughulika kufuta miwani. "Kwa yeyote anayepokea kadi," akasema, na hakumtazama usoni.

*

Hospitali ya kwanza ilikuwa na kibao kirefu kuliko mlango wake: KADI YA FARAJA INAPOKELEWA HAPA KWA FURAHA. Mwasiti akaona mambo si ndiyo hayo, yameisha. Dada wa mapokezi aliichukua kadi kwa mikono miwili, akaitazama kwa mapenzi, akaitia kwenye mtoto wa meza, akafunga.

Mwasiti akakaa kwenye benchi. Wakaja wanawake wasioonyesha kadi, wenye pochi nene, wakaingia, wakatoka. Wakaja wengine. Ilipofika saa saba mchana alijikongoja mpaka dirishani.

"Mdogo wangu, mimi nimefika kabla ya hawa wote."

"Najua, mama. Kadi yako tumeshaipokea."

"Sasa mimi?"

"Wewe tena vipi?"

"Mimi sijapokelewa."

Yule dada akamwonyesha kibao kwa ncha ya kalamu, taratibu, kama mwalimu wa chekechea. "Kisome vizuri, mama. Inayopokelewa ni kadi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba na mwenye kadi anapokelewa."

"Basi nirudishie."

"Kurudishiwa kuna fomu yake. Na fomu zimekwisha."

Mwasiti alikuwa mtu aliyezoea kung'oa visiki. Alipitisha mkono dirishani, akaivuta ile droo, ikatoka yote na kumwagika kaunta nzima. Kadi zilikuwa mamia. Nyuso za wanawake, ndogo ndogo, zikimtazama kila upande. Alipokuwa akiitafuta yake aliiona ya Bi. Sharifa wa mtaa wa pili, ambaye walimzika kabla ya masika. Watu msibani walisema amekufa kwa kuchelewa kwenda hospitali.

Akaichukua kadi yake, akaichukua na ya Bi. Sharifa.

"Mama, hiyo si yako!" dada akapiga kelele.

"Wala si yenu," akasema Mwasiti, akatoka.

*

Alizunguka wiki tatu. Bingwa wa pili alikuwa ameteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kitaifa ya Kumaliza Foleni, na kwa kweli kwake hapakuwa na foleni. Alikuwa ameondoa mabenchi na kufunga geti. Bingwa wa tatu alikubali kadi, lakini siku za Ijumaa ya tano ya mwezi tu. Wa nne alikuwa mwanamume mpole sana, akamwambia ukweli.

"Dada, nikikuona kwa kadi hiyo, nitajaza kurasa thelathini, kisha nitaitwa kuhojiwa kwa nini nimeugusa Mfuko. Mwenzetu mmoja aliugusa. Hatujui yuko wapi."

"Alikuwa nani?"

Daktari akaangalia dari, kisha dirisha, kisha akamwombea heri.

Ndipo Mwasiti alipoamua kwenda makao makuu. Jengo la Mfuko wa Faraja lilikuwa na ghorofa kumi na mbili za vioo, na huduma kwa wagonjwa ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, ili wapate hewa. Lifti ilikuwa ya watumishi. Alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, na alipofika mdomo ulikuwa mkavu na masikio yanavuma.

Aliyempokea ni Bwana Kiluvya, Afisa Mwandamizi wa Kuridhisha Wananchi, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza watoto.

"Mama, umefika penyewe," akasema. "Tunao madaktari bingwa wa wanawake mia mbili na kumi wanaopokea kadi yetu. Mia mbili na kumi!"

"Nitajie mmoja."

"Ah, majina hatutoi. Ni siri baina ya daktari na mgonjwa."

"Mgonjwa mwenyewe si ndiye mimi?"

"Hujawa mgonjwa bado, mama. Utakuwa mgonjwa daktari akishasema. Na daktari hawezi kusema mpaka umwone."

"Na nitamwonaje bila jina lake?"

Bwana Kiluvya akatabasamu kwa huruma. "Unaona sasa? Umeanza kuuelewa mfumo." Akafungua faili. "Tufanye hivi. Niletee barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha kwamba una kizazi."

"Nina mabinti wawili, mmoja yuko sekondari."

"Hao wanathibitisha kwamba ulikuwa nacho. Sisi tunataka taarifa za sasa."

Mtu mwingine angelia pale, na Bwana Kiluvya alikuwa na leso tayari kwa kazi hiyo. Mwasiti hakulia, akaletewa fomu ya maoni, maana hakuna aliyeruhusiwa kushuka bila kuijaza. Ilikuwa na majibu matatu: Nimeridhika. Nimeridhika Sana. Nimeridhika Kupita Kiasi. Mwasiti akachukua kalamu, akaacha visanduku vyote vitatu, akaandika chini kwa herufi kubwa: NINATOKA DAMU MWEZI WA TATU HUU NA NINYI MNANICHEZEA.

"Mama!" Bwana Kiluvya akasimama, uso umembadilika. "Umeharibu fomu! Hiyo, mashine yetu haiwezi kuisoma!"

"Isomeni ninyi," akasema Mwasiti, na akaanza kuzishuka ngazi moja moja.

*

Jirani yake Zawena alimkuta amelala sebuleni mchana, miguu imepandishwa juu ya mto, binti yake mdogo akimpepea. Zawena alikuwa mfagiaji kwenye Jumba la Mafanikio ya Taifa, mahali ambapo wageni kutoka nje hupelekwa kuona jinsi Rahamia ilivyoendelea. Alikuja na jagi la juisi ya rozela ya kuongeza damu, na alisikiliza habari yote tangu kibao mpaka fomu bila kutia neno, jambo lisilo la kawaida yake.

Mwisho akasema, "Mwasiti, kwani hao uliokwenda kwao walikuambia hayupo anayepokea mgonjwa wa kadi?"

"Walisema alikuwepo mmoja. Hawajui yuko wapi."

"Mimi najua. Kila asubuhi napiga deki chini ya miguu yake."

Mwasiti akajiinua kwa kiwiko.

Zawena akaeleza. Daktari huyo aliitwa Nyamizi Lugoye. Alikuwa hospitali ya mkoa, na alikuwa na kasoro moja: kila mwanamke aliyekuja na kadi alimtibu. Mfuko ukaguswa. Waziri akaaibika bungeni. Kumfukuza kungezua maneno, kwa hiyo walimpandisha cheo. Walimvalisha medali, wakamleta kwenye Jumba la Mafanikio, wakamkalisha nyuma ya kamba nyekundu, katikati ya mfano wa treni ya umeme na chupa ya maji ya bomba. Mbele yake pana kibao: DAKTARI BINGWA WA WANAWAKE ANAYEPOKEA KADI YA FARAJA. TAFADHALI USIGUSE.

"Anakaa tu?" Mwasiti akauliza.

"Saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Wageni wakija analetewa mwigizaji, anamshika mkono, wanapiga makofi, wanaondoka. Na vifaa vyote vya kweli, shoga yangu. Kitanda, mashine ya kuangalia tumboni, kila kitu, maana wageni wanapenda kubonyeza." Zawena akasogea karibu. "Wiki ijayo unakuja ujumbe mkubwa, na mwigizaji wetu kaolewa, kahama. Wanatafuta mtu wa kuigiza mgonjwa."

Mwasiti akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu asiye na pumzi, lakini binti yake aliacha kupepea akamtazama, maana hakuwa amekisikia kwa miezi mitatu.

"Kaniandikishe," akasema.

Mkuu wa Maonyesho hakumpenda sana. Alimzunguka, akamkagua, akatikisa kichwa. "Umezidisha, mama. Tunataka mgonjwa mwenye afya. Mgonjwa anayevutia." Lakini muda ulikuwa umekwisha na hakuna mwingine aliyejitokeza, kwa hiyo waliagiza apakwe rangi mashavuni, wakampa maneno ya kukariri. Yalikuwa manne: Asante kwa bima, daktari.

*

Siku ya ujumbe walimvusha kamba nusu saa kabla. Dk. Nyamizi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, koti jeupe lililopigwa pasi kali, medali kifuani. Alikuwa akisoma gazeti la juzi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Kaa hapo. Maneno yako umeyakariri?"

"Nimeyakariri. Ila mimi siigizi."

Daktari akashusha gazeti. Alimtazama Mwasiti, akatoa kitambaa, akamfuta ile rangi ya mashavuni; chini yake ngozi ilikuwa ya kijivu. Akalivuta kope la chini kwa kidole. Lilikuwa jeupe kama karatasi.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne sasa umeanza."

"Na umekuja hapa kwa miguu yako?"

"Nilikokwenda kwingine kote niliambiwa kadi yangu inapendwa sana."

Dk. Nyamizi hakucheka. Alimshika Mwasiti mkono, vidole vikihesabu mapigo. "Miaka mitatu," akasema mwishowe, "nashika mikono ya waigizaji. Mioyo yao yote inapiga vizuri kabisa." Akasimama, akaivua medali, akaitia mfukoni. "Wageni wakiingia, panda kitandani. Mengine niachie mimi."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze wanipeleke wapi tena, mama? Nyuma ya kamba ya pili?"

Ujumbe ukaingia ukiongozwa na Waziri wa Afya Njema, Mheshimiwa Ng'wandu, suti ya kijani kama kadi. Mkuu wa ujumbe alikuwa bibi mmoja mrefu, mwenye mvi, na mkalimani pembeni.

"Waheshimiwa wageni!" Waziri akaanza, mkono juu. "Mbele yenu ni mwanamke wa kawaida wa Rahamia. Ameamka leo, akajisikia kuchoka kidogo, kidogo tu! Akachukua kadi yake, na kabla chai yake haijapoa, yuko mbele ya bingwa! Nchi gani nyingine? Nauliza, nchi gani?"

Wakapiga makofi. Ilikuwa zamu ya Mwasiti kusema maneno yake manne. Hakuyasema. Alipanda kitandani, na Dk. Nyamizi akalivuta pazia.

Pazia lile halikuwahi kuvutwa tangu jumba lifunguliwe. Lilikuwa la kuangaliwa tu, na pete zake zililia kama nguruwe. Waziri akageuka. Nyuma ya pazia ilisikika mashine ikiwashwa, kisha sauti ya daktari, kavu, inayofika kila kona ya ukumbi.

"Kizazi kina vivimbe vitatu. Kikubwa kina sentimita kumi na moja. Kwa kipimo cha kidole, damu imeshuka mpaka tano badala ya kumi na mbili. Mgonjwa huyu aongezewe damu leo na apasuliwe wiki hii. Akirudi nyumbani hivi hivi, atakufa."

Mkalimani akatafsiri, na yule bibi mrefu akauliza swali fupi.

"Anauliza," mkalimani akasema, "haya ni maonyesho au ni kweli?"

Hapo Waziri alitokwa na jasho ambalo halikuwemo kwenye ratiba. Akisema ni maonyesho, basi na bima ni maonyesho. Akisema ni kweli, basi kuna mgonjwa, tena katika mwaka ambao takwimu zilikuwa zimeshatangazwa.

"Ni... kweli," akasema.

Pazia likafunguka. Mwasiti alikuwa amesimama, amejishikilia kwenye nguzo ya ile kamba nyekundu, khanga yake ina doa ambalo hakujaribu kulificha. Mkono wa pili ulishika karatasi ya rufaa ya Dk. Nyamizi, ambayo wino wake ulikuwa haujakauka.

"Mheshimiwa, hapa pana pengo la saini yako. Upasuaji, Hospitali ya Taifa, kwa Kadi ya Faraja."

"Mama, tumekusikia. Tutalifanyia kazi."

"Lifanyie kazi sasa. Chai inapoa."

Waziri akainama kumnong'oneza. "Mama, kuna utaratibu."

"Utaratibu nimeufuata," akasema Mwasiti kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye treni ya umeme. "Nimeufuata wiki baada ya wiki, ghorofa kumi na mbili, mpaka umenimaliza damu. Leo ufuate wewe."

Akatia mkono ndani ya nguo, akatoa kadi mbili, akaziweka juu ya kibao cha USIGUSE. "Hii yangu. Na hii ya Bi. Sharifa, jirani yangu. Yeye hahitaji tena saini yako. Mimi bado."

Akayumba, Dk. Nyamizi akamdaka kiunoni, lakini karatasi hakuishusha. Bibi mrefu hakungoja tafsiri. Alifungua pochi, akatoa kalamu, akamkabidhi Waziri.

Mheshimiwa Ng'wandu akasaini. Kisha akageuka kwa wageni, akanyoosha suti. "Hivi ndivyo tulivyo!" akatangaza. "Sisi tunasaini papo hapo!" Na wakapiga makofi, maana makofi yalikuwemo kwenye ratiba.

*

Alipasuliwa siku ya tatu. Damu walimtolea madereva wenzake wa Idara ya Barabara, wanaume kumi na mmoja waliojipanga na maovaroli yao. Dk. Nyamizi aliruhusiwa kumpasua kwa masharti kwamba ni kifaa cha maonyesho kilichoazimwa, kwa hiyo aliingia chumba cha upasuaji na kibandiko mgongoni: MALI YA JUMBA LA MAFANIKIO. RUDISHA KABLA YA SAA TISA. Alichelewa kurudi, na akakatwa siku moja ya mshahara. Alisema hajawahi kukatwa kitu kwa furaha namna ile.

Serikali nayo haikulala. Kamba nyekundu zikaongezwa zikawa mbili. Akawekwa askari mlangoni wa kuuliza kila raia anakuja kuangalia nini. Na Mwasiti akaletewa kitandani barua ya kumtaka ajieleze kwa nini aliugua hadharani. Aliisoma mara moja, akamwambia binti yake aitie chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

Wiki sita baadaye aliweza kutembea bila kushika ukuta. Hakurudi kazini siku hiyo. Alijifunga khanga, akampitia Zawena, wakaanza kuzunguka mitaa, mlango kwa mlango, wakiwauliza wanawake swali moja ambalo hakuna ofisi iliyowahi kuwauliza: unaumwa nini, mwenzangu? Wengine walikuwa hawajalijibu hata kwa waume zao. Walilijibu pale pale mlangoni, wengine wamesimama na beseni la nguo kichwani. Na kila mmoja aliambiwa: Jumanne, kiingilio cha Jumba la Mafanikio ni bure kwa raia. Njoo na kadi.

Jumanne asubuhi mstari ulianzia mlango wa jumba, ukapita mbele ya Benki Kuu, ukakata kona. Walikuwepo wajawazito, walikuwepo mabibi waliokuja na vigoda, alikuwepo hata yule dada wa mapokezi, amejitanda ushungi mpaka puani. Mwasiti hakumsema. Alimpa nafasi mbele yake.

Askari wa mlangoni akautazama mstari, akatazama mwisho wake, hakuuona.

"Ninyi wote hawa! Mmekuja kuangalia nini?"

"Hatukuja kuangalia," akasema Mwasiti. "Tumekuja kuangaliwa."

Askari akapiga simu. Huko alikopiga wakamwambia asubiri, wanatafuta fomu. Basi akasubiri, kama alivyoamriwa, simu sikioni, na hakuna aliyekuwa amemwamuru afunge mlango. Mwasiti akampita. Akaiinua kamba ya kwanza, akaiinua ya pili, akazishikilia zote juu ya kichwa chake, na huko ndani sauti kavu ya Dk. Nyamizi ikaita:

"Wa kwanza, pita!"